Nani Kasema Pemba Haina Watungaji?

Katika barza zetu yako maneno ambayo husemwa kwa yakini kubwa, na kwa kuwa husemwa kila siku hakuna anayeuliza yametoka wapi. Ushairi, husemwa, ni wa Lamu na Mombasa. Taarab ni ya Unguja. Na Pemba ni ya karafuu. Na anayeyasema maneno haya mara nyingi si mgeni aliyeshuka juzi bandarini Mkoani. Ni Mpemba mwenyewe, naye huyasema mbele ya mwanawe. Mtoto huyo akikua na kipaji chake, akaulizwa kwa nini haandiki yale anayoyatunga kichwani, hujibu kwamba kwao hakuna fani hiyo, na kwamba hata akitunga, Kiswahili chake ni cha shamba.

Ndugu msomaji, hapana ugonjwa unaomdhoofisha fundi kuliko huu wa kuamini kwamba kazi fulani haikuumbiwa watu wa kwao. Mtu huyo hakuzuiwa na mtu wala hakufungiwa mlango. Amejizuia mwenyewe kwa khabari aliyoipokea bila ya kuihakikisha. Basi na tuihakikishe.

Tuanze mbali. Upande wa magharibi wa kisiwa, karibu na Wete, kuna mahali panapoitwa Mtambwe Mkuu, ambapo maji yakijaa huzungukwa na bahari. Mwaka 1984 wataalamu wa mambo ya kale waliokuwa wakichimba hapo walifukua hazina ya vipande vya fedha zaidi ya 2,000, pamoja na vipande vichache vya dhahabu vilivyotoka nchi za mbali za Kiislamu. Zile za fedha ni za watawala wa huku huku pwani, na hazina hiyo ni ya karne ya 11 Miladia. Ni vipande vidogo mno, vyembamba, ambavyo mtu mwenye macho dhaifu hawezi kuvisoma bila ya kioo cha kukuzia.

Watu wengi waliposikia khabari ya hazina hiyo waliuliza thamani yake. Mimi nakuomba utazame kitu kingine. Katika sarafu za namna hiyo, upande mmoja limeandikwa jina la mtawala, kwa mfano Ali bin al-Hasan, na upande wa pili yameandikwa maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Na maneno hayo yamechaguliwa ili mwisho wake ulingane kwa sauti na mwisho wa jina la upande wa kwanza. Yaani ni kina! Ukiisoma sarafu upande huu kisha ukaigeuza, umesoma beti fupi yenye mishororo miwili. Fundi aliyekata muhuri ule alikuwa na nafasi isiyozidi ukucha wa kidole, tena akiandika kinyume ili herufi zitoke sawa zikigongwa, na juu ya dhiki yote hiyo hakuridhika kuandika jina tu akaishia hapo. Na kila jina jipya la mtawala lilimlazimisha atafute maneno mapya yenye kulingana nalo. Asingeweza kusema kwamba nafasi haitoshi, au kwamba jina hili halina kina.

Kwa hiyo, miaka elfu hivi iliyopita, watu wa Mtambwe walikuwa wakibeba utungo kwenye mifuko yao na kununulia vitu sokoni. Utungo ule ulikuwa wa Kiarabu, hilo kweli, lakini sarafu zenyewe ni za huku pwani.

Sasa tuje kwenye karne ya 19. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1820 Pemba ilikuwa chini ya Mazrui wa Mombasa, na Mombasa ilikuwa ikila mpunga wa Pemba. Kisha kisiwa kikaingia katika mamlaka ya Seyyid Said. Katika kupelekana huku kwa chakula na askari na wakwe, haiwezekani ikawa mashairi yalibaki pwani yakitazama majahazi yakiondoka. Muyaka bin Haji, yule mkubwa wa washairi wa Mombasa, aliishi katika zama hizo hizo. Naye ndiye anayesifiwa kwa kulitoa shairi katika mawaidha peke yake na kulitia sokoni, vitani, nyumbani na katika utani. Mwaka 1872 kikaja kimbunga kilichoing'oa mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo ndipo Pemba ilipokuwa shamba kuu la karafuu. Mwaka 1890 Waingereza wakaweka himaya yao, na mwaka 1897 ikatoka amri ya kukomesha utumwa. Katika zama hizi za mageuzi makubwa ndipo walipoishi watu wawili ambao kila kijana wa Pemba angepaswa kuyajua majina yao kama anavyolijua jina la babu yake.

Wa kwanza ni Ali bin Said bin Rashid Jahadhmiy, aliyejulikana zaidi kwa lakabu yake, Kamange. Wa pili ni Sarahani bin Matwar. Wote wawili walitunga kwa Kiswahili, na wote wawili walitunga kwa wingi. Kamange ndiye anayekumbukwa zaidi kwa mashairi ya mapenzi, na Sarahani anakumbukwa kwa elimu na uzito wa maneno. Lakini usije ukadhani kwamba kila mmoja alikaa kwenye kibanda chake. Walijibizana. Mmoja akitunga, shairi huchukuliwa na mjumbe, au huhifadhiwa kwa moyo na mtu akaenda kulisoma. Na mwenziwe hujibu.

Hebu tusimame kidogo hapa kwenye kujibizana, kwa maana watu wa siku hizi huona ni ugomvi tu uliotiwa vina. Mwenye kujibu shairi kwa desturi ya zamani hana uhuru wa kuchagua. Aliyeanza ameshachagua bahari, na mara nyingi ameshachagua vina pia. Mjibuji huingia katika nyumba iliyojengwa na hasimu wake, akalazimika kucheza humo humo kwa ukuta ule ule na mlango ule ule, na ashinde. Kama amezoea vina vyepesi, hapa atapewa vizito. Kama kazoea mawaidha, hapa atakumbana na mzaha. Na kama kazoea mzaha, atajibiwa kwa aya na hadithi. Mshairi mwenye njia moja tu hufa siku ya kwanza. Ndiyo maana nasema kwamba malumbano yalikuwa skuli: yalimlazimisha mtu atoke katika tabia yake. Asiye na mshindani hurudia yale yale mpaka anazeeka, na wanaomzunguka humpigia makofi. Mgema akisifiwa, wajua tena.

Na hapa pana swali ambalo wasomaji wa gazeti kama hili wataliuliza, na wana haki ya kuliuliza. Je, yafaa mtu wa dini kushughulika na mashairi, tena mashairi yenye kutaja mahaba? Liko kundi la watu wenye vipaji waliouacha utungo kwa sababu waliambiwa kwamba ushairi na uchamungu havikai kifua kimoja. Hoja yao kubwa ni aya za mwisho za Sura ya 26, ambayo yenyewe inaitwa Ash-Shu'araa, Washairi. Aya hizo zinawashutumu washairi wanaotangatanga katika kila bonde na kusema wasiyoyatenda. Lakini wenye kuitoa hoja hii mara nyingi huishia hapo, na Sura haikuishia hapo. Aya ya mwisho inawatoa katika shutuma hiyo wale walioamini na kutenda mema na kumkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi. Basi kinachoshutumiwa ni hali ya mtu na maneno yake, wala si fani yenyewe.

Na matendo ya Mtume (s.a.w.) yanalifafanua jambo hili. Hassan bin Thabit aliwekewa mimbari ndani ya msikiti ili awajibu kwa mashairi waliokuwa wakiutukana Uislamu. Kaab bin Zuhair, ambaye kabla ya kusilimu alikuwa amemtungia Mtume maneno mabaya mpaka damu yake ikawa halali, alikuja kutubu na akasimama kusoma kasida yake. Na kasida hiyo, kwa mujibu wa desturi ya Waarabu, inaanza kwa kumlilia mpenzi aliyeondoka. Mtume hakumkatiza. Alimsikiliza mpaka mwisho, na imepokewa kwamba alimvisha shuka lake, na ndiyo sababu kasida hiyo ikaitwa Burda. Wapo pia waliochagua njia nyingine: Labid, aliyekuwa katika washairi wakubwa wa Ujahilia, husimuliwa kuwa aliacha kutunga alipoingia katika Uislamu. Hakulaumiwa naye. Lakini kuacha kwake kulikuwa hiari yake, na si haki kukugeuza sharti la kuwafungia wengine. Sarahani alikuwa mtu wa elimu, akajua haya yote, akatunga. Sitaki kusema zaidi kuliko hivyo.

Sasa, ikiwa watu hawa walikuwako na walitunga kwa kiasi hicho, vipi imekuja khabari kwamba Pemba haina washairi? Hapa historia inatoa jibu lililo wazi kabisa, na halina uhusiano na kipaji. Muyaka alifariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake yalihifadhiwa katika vifua vya watu wa Mombasa, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya, na mmishionari William Taylor akayachukua na kuyatunza. Kisha William Hichens akayatoa katika kitabu mwaka 1940. Tangu hapo kila msomi wa Kiswahili duniani alikuwa na Muyaka mezani. Mashairi ya Pemba hayakupata bahati hiyo. Mwaka 1958 W. H. Whiteley alichapisha kitabu chake juu ya lahaja na mashairi ya Pemba, kazi nzuri lakini iliyosomwa na wataalamu wachache. Diwani yenyewe ya Kamange na Sarahani, iitwayo *Kale ya Washairi wa Pemba*, ilikuja kutoka Dar es Salaam mwaka 2011: mashairi yalikusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, na mhariri alikuwa Abdilatif Abdalla. Hesabu mwenyewe. Baina ya diwani ya Muyaka na diwani hii imepita miaka 71. Katika miaka hiyo vizazi vitatu vimelelewa vikiambiwa kwamba Mombasa ina mshairi na Pemba ina mikarafuu.

Na jina la Abdilatif Abdalla lisitupite hivi hivi. Huyu ni mshairi wa Mombasa aliyefungwa gerezani Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya siasa. Kule hakuruhusiwa karatasi wala kalamu kwa ajili ya kutunga, akaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni, na yakatoka mashairi ya *Sauti ya Dhiki* yaliyochapishwa mwaka 1973. Mtu kama huyo akikaa kuhariri mashairi ya Wapemba waliosahauliwa, haoni taabu kuamini kwamba utungo unaweza kuishi mahali ambapo hakuna aliyeutarajia.

Kuna kifungo kingine, nacho hakitoki kwa wageni wala kwa mashekhe, bali kwa washairi wenyewe. Ni kile cha kusema kwamba shairi lina sura moja: mishororo minne, mizani 16, kina cha kati na kina cha mwisho, na anayetoka nje ya hapo si mshairi. Katika miaka ya 1970 ugomvi huu ulipamba moto Afrika Mashariki yote. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa *Kichomi* mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na wengi wakasema hayo si mashairi, ni maneno yaliyokatwa vipande. Wakamnyooshea kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954 kilichozipanga sheria za kutunga. Wengine wakasema kwamba sheria hizo tumezirithi kwa Waarabu, na kuzivunja ni kuvunja urithi.

Mimi napenda vina, na nikisikia shairi lililopishana mizani huhisi kama nimekanyaga jiwe gizani. Lakini mapenzi yangu si ushahidi wa historia. Waarabu wenyewe walitunga kwa karne nyingi kabla ya kuwako sheria. Aliyezipanga ni Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu wa Basra mwenye asili ya Oman, katika karne ya 8. Imrul-Qays alikuwa ameshakufa zaidi ya miaka mia mbili. Al-Khalil alisikiliza waliyoyatunga watu akayapanga katika bahari 15, na mwanafunzi wa fani yake, Al-Akhfash, akaongeza ya 16. Kwa hiyo hata katika kitabu cha sheria palibaki mlango wa kuongeza. Tena bahari hizo zimejengwa juu ya silabi ndefu na fupi, jambo ambalo Kiswahili hakina kwa namna ile. Mababu zetu walipochukua fani walifanya nini? Waliliacha lile la urefu na ufupi, wakahesabu silabi. Utenzi wakaupa mizani minane kwa mshororo, shairi wakalipa 16. Neno "bahari" wakalichukua, lakini maji waliyotia ndani ni ya kwao. Naye Ibrahim Noor Shariff, katika *Tungo Zetu* ya mwaka 1988, ameonyesha kwamba ziko tungo za kale za Waswahili ambazo hazikujali vina kama tunavyovijali sisi. Basi anayeshika vina ana wazee wake, na anayeviacha naye ana wazee wake. Kinachobaki ni kutazama: je, amesema kitu?

Na ukitaka kuona jinsi Wapemba walivyo mabingwa wa kupokea na kugeuza, nenda ukatazame mchezo wa ng'ombe. Wengi husema kwamba asili yake ni Wareno, waliokuwa na nguvu pwani hii katika karne za 16 na 17. Na iwe hivyo. Lakini ng'ombe wa Pemba hauawi uwanjani. Mchezaji humchokoza na kumkwepa, zumari hulia, ngoma hupigwa, wanawake huimba, na mwisho wa mchezo ng'ombe hurudi kwa mwenyewe, hasira zake na pembe zake zikiwa salama. Ikiwa ulitoka kwa Wareno, basi umebadilishwa mpaka umekuwa kitu kingine, na hakuna aliyekaa mkutano kuuliza kama inaruhusiwa kubadilisha.

Limebaki la lugha, nalo ndilo linalowaumiza vijana zaidi. Mwaka 1928 ilikubaliwa mjini Mombasa kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Lilikuwa jambo la maana kwa vitabu vya skuli. Lakini liliacha kovu: lahaja nyingine zote, Kipemba kikiwamo, zikaonekana kama makosa yanayongoja kusahihishwa. Mtoto alipoandika neno la mama yake katika insha, alipigiwa mstari mwekundu. Haishangazi kama mtu huyo huyo akiwa mkubwa akatafuta maneno ya kutungia akaona kwamba yaliyo matamu kwake ndiyo yaliyokatazwa.

Kamange na Sarahani hawakupigiwa mstari huo. Walitunga kabla ya kamati, katika usemi wa kisiwa chao na katika ule usemi wa washairi wa pwani, wakichota huku na huku kwa kadiri ya haja.

Hapa pana jambo moja la kazi ambalo laweza kuwa na faida kubwa. Mashairi ya zamani ya pwani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo katika mikono ya waandishi wengi hazikutenganisha sauti zote za Kiswahili. Herufi ya *b* huweza kusimama mahali pa *p*, na *f* mahali pa *v*. *E* na *i* huandikwa kwa alama moja, na *o* na *u* vivyo hivyo. Mwalimu Sikujua na wenziwe walijaribu kuongeza nukta na alama ili kuondoa utata huo, lakini si kila mwandishi aliwafuata. Kwa hiyo anayesoma karatasi ya zamani hasomi herufi tu. Hulazimika kulijua neno kabla ya kulisoma. Profesa kutoka ng'ambo mwenye Kiarabu safi na kamusi ya Kiswahili sanifu anaweza kukaa juu ya mshororo mmoja siku nzima asijue kama ni *paa* au *baa*, na neno likiwa la Kipemba tupu, kamusi yake haitamsaidia.

Na katika nyumba za Chake Chake, Wete, na mashamba ya kaskazini bado zimo karatasi za namna hiyo, ndani ya masanduku na ndani ya kurasa za vitabu vya fiq'hi, zikiliwa na mchwa. Anayeweza kuzisoma ni yule aliyesoma chuoni mpaka herufi zikamkaa, na ambaye Kipemba ni lugha ya mama yake. Watu hao wapo, wengi wao wana miaka 20 au 25, na wamekaa barzani wakiambiana kwamba ushairi ni wa Lamu na Mombasa.